Nati ya Injini ya Kushoto

Karakanani walimwita Mama Hakikisha. Alikuwa fundi wa injini za ndege kwa miaka ishirini na sita, na neno hilo halikumbanduka mdomoni: hakikisha, mwanangu, hakikisha tena.

Asubuhi moja alikuwa anamalizia chujio la oili la injini ya kushoto. Alikuwa amekata kipande cha waya wa kufungia nati, ule unaoizuia isilegezwe na mtetemo, simu ikalia. Dada yake. Mama yao ameanguka bafuni, anapelekwa kupasuliwa nyonga. Akatoka nje kuzungumza. Aliporudi, macho yamemjaa machozi, alifunga mlango wa injini, akatia saini fomu ya kazi, akaomba ruhusa. Mkaguzi, kijana ambaye Mama Hakikisha mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akatia saini yake chini ya ile.

Hospitalini, akitafuta kitambaa mfukoni, vidole vyake viligusa waya ule. Akampigia msimamizi wa zamu.

"Ile ndege imeondoka?"

"Ina dakika kumi na tano angani. Kuna nini?"

"Irudisheni. Waya wa nati ya chujio, injini ya kushoto, ninao mfukoni."

"Mama, ina abiria thelathini na mmoja! Una uhakika hukuifunga?"

"Sina uhakika kama niliifunga. Irudisheni."

Dada yake alimwita, mama anaingizwa chumba cha upasuaji. Alimshika mama mkono mpaka mlangoni, simu ikiwa sikioni. Ndege ilitua salama. Ubavu wa injini ulikuwa umelowa oili, na nati imeshikilia kwa mzunguko mmoja tu.

Mama yao alipona, ingawa hakutembea tena bila mkongojo.

Mbele ya kamati ya uchunguzi, Mama Hakikisha hakujitetea. "Kosa ni langu. Nilikatizwa katikati ya kazi, nikarudi nikadhani nimemaliza." Wakamgeukia mkaguzi. Kijana aliinamisha kichwa.

"Sikufungua mlango wa injini," alisema. "Huyu ndiye aliyenifundisha. Ningemkagua vipi?"

Mama Hakikisha akamtazama: "Basi ulikagua jina langu, mwanangu. Kazi yangu hukuiona."

Mama Hakikisha aliondolewa kwenye injini miezi mitatu, akawekwa kushona viti vya abiria. Hakulalamika. Ila wengine walipoanza kunong'ona kwamba amezeeka, alikula chakula chake peke yake. Kanuni mpya ikabandikwa ukutani: anayekatizwa anaanza upya tangu hatua ya kwanza, na aliyepokea habari mbaya hatii saini siku hiyo.

Siku aliyorudishiwa injini, mkaguzi alikuja na tochi. Alisitasita.

"Samahani, Mama."

"Usiniombe samahani. Fungua."

Akafungua. Akamulika kila nati, akavuta kila waya kwa kidole, taratibu, robo saa nzima. Mama Hakikisha alisimama pembeni, mikono nyuma. Ilimuuma kutazamwa hivyo, na hakutaka kijana akome.