Mizani ya Magunia

Kambi yetu ya mazoezi kule Kitale ilikuwa nyuma ya stoo ya mahindi, kwa hivyo sisi wasichana tulipimwa uzito kwa mizani ya magunia. Kila Jumatatu asubuhi unapanda pale miguu mitupu, vumbi la mahindi linakuwasha nyayo, na kocha anainama kusoma. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kutupigia kelele. Alisema tu, "Mwenye mzigo hafiki mbali," na aliyeongeza uzito alishinda na strungi, chai isiyo na maziwa, siku hiyo, ugali akiuangalia kwa macho. Mimi niliiogopa ile mizani kuliko mlima wowote tuliokimbia.

Kisha siku zangu za mwezi zikakatika. Nilimnong'onezea msichana mmoja mkubwa pale kambini, akacheka akanipiga begani. "Hongera! Sasa umeiva. Mwili umeshika mbio, hauna wakati wa hizo vitu." Wote waliamini hivyo, na mimi ni nani nibishe? Lakini mguu wa kushoto ulianza kuniuma hapa mbele, chini ya goti, na uchungu ukakataa kutoka hata nikilala. Sikumwambia mtu. Nani anataka kurudishwa nyumbani na mashindano yako mlangoni?

Likizo ilipofika nilirudi kwetu Ndalu, nguo zikining'inia. Mama hana macho ya kuchezewa. Hata sikukaa sana, akanisimamisha jikoni, mwiko mkononi.

"Ni nani?"

"Nani nini, mama?"

"Usinizungushe! Pedi huulizi, ugali unasukuma kando. Nani amekutia mimba?"

Niliapa kwa Mungu. Akanijibu ati hata wenye mimba huapa. Zahanati ya karibu hakutaka hata kuisikia, kwa sababu huko kila mtu anatujua, basi tukaenda hadi hospitali ya Bungoma mjini.

Sista mmoja mtu mzima alinipima, akasema hakuna mimba. Mama alipiga makofi, "Asante Yesu!" mpaka akina mama waliokuwa foleni na watoto wao wakageuka. Lakini sista hakucheka. Aliniuliza nakula nini, nakimbia kiasi gani, siku zangu niliziona lini mara ya mwisho. Kisha akanibonyeza mguu pale mbele nikapiga yowe. Nikapigwa picha, ikaonyesha mfupa umeanza kupata ufa.

"Mama," sista akasema polepole, "mwili ukikosa chakula huanza kufunga milango. Mlango wa uzazi hufungwa mapema sana. Halafu mifupa nayo inaanza kudhoofika."

"Na huo mlango utafunguka?"

"Ale vizuri, apumzike. Wengi hufunguka."

"Na huyu wangu?"

"Siwezi kukuapia, mama."

Hapo ndipo hofu ya kweli iliponishika. Mama, aliyetoka tu kumshukuru Mungu kwamba sina mimba, alikaa kwenye benchi kama mtu amefiwa. Tukirudi alinunua pakiti ya pedi, akaiweka kwenye rafu ya jikoni kando ya chumvi. "Itatumika," akasema.

Ufa umepona. Nakula ugali, maharagwe, omena, maziwa, njugu, na mama amesimama hapo mpaka sahani iishe. Kocha alipopiga simu kuuliza nitarudi lini, mama alininyang'anya simu. "Mwalimu, huyu ni mtoto wangu, si gunia!" Akakata. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana bado naogopa. Kila asubuhi nikitoka chooni ananiangalia usoni, na mimi natikisa kichwa: bado.

Juzi niliingia jikoni ghafla nikamkuta ameshika ile pakiti, haijafunguliwa, anaipangusa vumbi kwa leso yake. Aliponiona akairudisha kando ya chumvi, akaniambia nikae nile.