Kiti cha Diwani Ketrina

Ketrina wa Igamba alipochaguliwa udiwani, jina lake lilistaafu. Ghafla akawa Mheshimiwa: sokoni Mheshimiwa, kanisani Mheshimiwa, hata mumewe, mtu wa utani, akitaka kupitishiwa chumvi mezani alimwita Mheshimiwa.

Kwenye semina ya madiwani, mwezeshaji aliwaeleza kuwa neno diwani limetoka mbali. Kwa Waajemi lilikuwa daftari la serikali. Waarabu wakalichukua, likawa baraza la watawala. Likafika pwani yetu, likawa jina la mtu anayekaa barazani. Leo ndiye anayepitisha sheria ndogo za halmashauri. Ketrina alilipenda neno hilo. Msimcheke jamani. Mtu amechuma kahawa tangu utoto, asivimbe kichwa hata kidogo?

Mara Nesta, mwandani wake tangu usichana, akafiwa na mama yake. Pale kwao Igamba, ukifiwa, wanawake walio karibu nawe hulala nawe sakafuni hadi mazishi. Haitumwi taarifa, mtu anakuja tu na kanga yake. Mwaka Nesta alipompoteza mtoto, Ketrina ndiye aliyelala ubavuni kwake. Safari hii alikuwa na vikao vya halmashauri, akafika siku ya kuzika, tena kwa gari. Vijana wakamkimbilia na kiti, wakamweka mbele pamoja na mchungaji. Angeweza kukataa. Hakukataa, na tuseme ukweli, alikaa akajisikia vizuri.

Walipotoka makaburini akaingia ndani kumpa pole mwenzake. Nesta akataka kuinuka mkekani.

"Karibu, Mheshimiwa. Hapa chini pachafu, viti viko nje."

"Nesta, ni mimi."

"Ungekuwa wewe, ningekulilia begani tangu juzi," Nesta alisema taratibu. "Mheshimiwa tunampokea tu."

Ketrina aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akavua viatu, akakaa sakafuni katikati ya wanawake. Dereva alipopiga honi, akamtuma mtu amwambie aende zake. Akangoja. Jioni kilio kilipompata tena Nesta, alikilaza kichwa chake begani kwa Teresia, jirani aliyelala pale tangu siku ya kwanza.