Chujio Nililolikaza kwa Mnyororo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana ya Ngamiani, mjini Tanga, kabla jogoo hawajakata shauri kama wawike au warudi kulala. Nilivaa shati jeupe. Naam, jeupe, kwa kazi ya ufundi magari! Mkuu wa Karakana, mzee wa Kidigo mwenye kofia ya viua, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kazini au umekuja kuposa?"

Karakana nzima ilicheka, na nadhani hata magari mabovu yalicheka. Kufika adhuhuri shati lile lilikuwa na ramani ya dunia yote iliyochorwa kwa grisi, nami nilikuwa nimeshafundishwa somo la kwanza: kufunga chujio la dizeli.

Ninyi vijana mnaopima magari kwa kompyuta, nivumilieni kidogo. Chujio, au filta kama tulivyozoea kuliita, ni kopo la bati lenye karatasi ndani. Kazi yake ni kuzuia uchafu usifike kwenye pampu ya injini. Husokotwa kwenye kichwa chake cha chuma kama unavyofunga kifuniko cha chupa, na mdomoni lina mpira wa duara wa kuzuia kuvuja.

"Paka huo mpira dizeli," Mkuu alinielekeza. "Sokota mpaka uguse kichwa, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Kwa mkono! Mungu kakupa spana ya vidole vitano, wewe wataka kumkosoa kwa ya chuma?"

Maana yake ni hii. Ukilikaza kwa chuma, mpira hubanwa kupita kiasi, joto la injini likauoka, ukanata kama ubwabwa ulioungua chini ya sufuria. Siku ya kulitoa utalia. Na ili asiyefuata sheria ajulikane, kila fundi alikuwa na rangi yake, akitia doa moja kwenye kila chujio alilofunga. Langu lilikuwa jekundu.

Jioni nilikwenda madarasa ya watu wazima pale Mabawa. Nilianza nikiwa kijana na nikahitimu nikiwa na mvi, au tuseme mvi mbili. Hesabu zilinipiga, lakini insha! Mwalimu alisema insha zangu zingeweza kumtoa nyoka pangoni akaomba msamaha. Mafundi wenzangu wakawa wananiletea taarifa zao niwaandikie.

Cheti hicho ndicho kilichonipandisha cheo na kunipandisha mlima. Nilipata kazi ya Fundi Mkuu Msaidizi katika shamba moja la chai huko juu, njia ya Amani. Barabara ya kule ilikuwa na mawe ya kuweza kulegeza meno ya dereva. Mwezi wa kwanza tu, chujio nililolifunga kwa mkono kwenye pikapu kuukuu ya shamba lililegea njiani, dizeli ikamwagika. Meneja wa Usafirishaji aliniita mbele ya wachuma chai wote waliokuwa kwenye foleni ya mizani.

"Huyu ndiye fundi wa mjini," aliwaambia. "Tazameni mikono yake. Mikono ya kukunia nazi!"

Kicheko chao nadhani kilifika Pangani. Mchana uleule nilichukua spana ya mnyororo, ile inayozungushiwa kopo na kulibana. Nikafunga chujio jipya na kulikaza mpaka chuma kikalia. Nikatia doa langu jekundu. Halikuvuja tena, na nikaona nimepata akili kuliko mzee wa Ngamiani.

Dereva wa pikapu ile alikuwa Yoeli, Mshambaa mpole, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, alilegeza kizibo kilicho chini ya chujio ili maji yaliyojitenga na dizeli yatoke. Hiyo ilikuwa kazi ya dereva kwa sheria ya shamba. Sikuwahi kumwona akiiacha.

Miezi ikapita. Asubuhi moja ya masika, mashine ya kusokota majani ilimvuta mkono Zakaria, rafiki yangu wa kiwandani. Tulimfunga kwa khanga ya mkewe, tukamlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia, tukaanza kushuka kuelekea hospitali ya bondeni. Yoeli aliendesha. Mimi nilikuwa nyuma nimemshika Zakaria mkono ukiwa juu, damu isikimbie.

Tukiwa katikati ya msitu, gari likakohoa mara tatu, likazima. Nilijua palepale: mashapo ya pipa la dizeli yameziba chujio. Jipya lilikuwamo ndani ya boksi la vifaa.

"Dakika kumi," niliwaambia. Yoeli akapanda nyuma kumshika mgonjwa, nami nikafungua boneti. Doa langu jekundu likanitazama.

Nilijaribu kwa mkono. Nililipangusa mafuta kwa kitambaa, nikalizungushia msasa ili nipate mshiko. Halikutikisika. Nikatia mnyororo, nikavuta kwa uzito wangu wote, kopo likapondeka na mdomo wake ukabaki palepale. Kupeleka dizeli bila kupita kwenye chujio hakukuwezekana, maana mabomba yalikuwa ya chuma na sikuwa na mpira wa kuunganishia. Simu za mkononi nazo zilikuwa hazijapanda mlima.

"Fundi," Zakaria aliita, "unang'oa kopo au jino la tembo?"

"La tembo, na mwenyewe hataki!"

Alicheka. Nilimsikia akicheka.

Nikapigilia bisibisi kubwa ipenye kopo mpaka upande wa pili, niifanye mpini. Bati lilichanika kama gazeti. Kikabaki kibati cha mdomo tu kimeng'ang'ania kichwani. Hapo hakuna tena ujanja ila tindo na nyundo: unagonga ukingo kidogo kidogo kufuata upande wa kufungulia, na ukigonga kwa hasira unavunja kichwa, na safari imekwisha. Niligonga. Nyuma Yoeli alikuwa akiimba taratibu. Zakaria aliuliza tena, "Bado?" Nikajibu, "Bado kidogo." Baadaye hakuuliza.

Kilipotoka ilikuwa imepita saa moja na nusu. Nilifunga jipya kwa mkono, robo tatu ya mzunguko, nikapiga pampu ya mkono kutoa upepo, injini ikawaka. Nikarudi nyuma kushika ule mkono. Tulipofika barabara ya tambarare niliendelea kuuinua, ingawa kwa muda mrefu ulikuwa umekuwa mzito.

Meneja alitaka taarifa ya maandishi. Nikaiandika. Niliandika kwamba chujio lilijaa maji kwa kuwa halikufunguliwa chini asubuhi, na kwamba kutu ndiyo iliyochelewesha kulitoa. Ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Meneja akasema, "Hii ndiyo taarifa!" Yoeli akaondolewa kwenye usukani, akapewa jembe la kupalilia chai. Alinijia mara moja tu. "Fundi, mimi niliyatoa maji," alisema, nami nikamjibu kwamba mambo ya ofisi ni magumu.

Baada ya hapo nilitumikia shamba la mkonge, kisha bandarini, chini ya wakuu wengi, na siku ya kustaafu nilisifiwa kwa hotuba ndefu kuliko treni ya Moshi. Lakini mstaafu ana muda mwingi, na kazi aliyoiharibu humrudia hata akiwa anakunywa chai.

Mwaka jana nikapanda mlima. Mjane wa Zakaria, Mama Neema, alikuwa barazani akipukuchua mahindi.

"Karibu, fundi. Za Tanga?"

Nilimwambia yote kabla sijakaa. Kwamba Yoeli aliyatoa maji. Kwamba chujio nililikaza mimi, kwa mnyororo, na nilijua haikufaa.

"Kwa nini ulilikaza hivyo?"

"Nilichekwa."

"Ulichekwa," akasema. Alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akaliweka chini.

"Yoeli alikuja hapa mara tatu kuniambia hakukosa. Mara ya tatu nilimmwagia maji ya vyombo. Alipofariki, kijiji kizima kilikwenda kumzika. Mimi nilichukua jembe nikaenda kulima kando ya njia, ili wanaopita na jeneza wanione."

Niliigeukia njia ile.

"Mkewe yuko palepale, nyuma ya kanisa," alisema huku akisimama na kujifunga khanga. "Twende ukamwambie. Mimi nitakuwa nyuma yako. Nataka nikusikie ukisema tena."

Kutoka pale hadi nyuma ya kanisa ni hatua mia mbili na kumi, na safari hii sijaongeza hata moja. Nilizihesabu, nikizisikia na zake nyuma yangu, mpaka mlangoni, nikapiga hodi.