Weusi wa Rupia ya Werema

Kaka yangu Hamduni alizaliwa mwoga, na serikali ikamwongezea. Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, mgambo walipopita mtaani kwetu Musoma wakifungua masanduku ya watu, alichimba shimo chini ya mafiga ya mama akafukia fedha yake yote ya usonara, vikuku vya wateja na hata nyundo. Hakuna aliyekuja kumpekua. Lakini tangu siku hiyo, akipigiwa hodi, husimama kwanza ndipo aitikie. Hata ruksa ya biashara ilipokuja, maduka yakajaa sabuni na vitenge na kila mtu akawa mfanyabiashara, yeye alifanya kazi akiwa ameketi karibu na mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa nauza uji na vitumbua barazani kwake, na nilimcheka sana kwa hilo.

Ila kazi yake ilikuwa safi, hapo simsengenyi. Ukimletea hereni iliyokatika, utaikuta imeungwa na inang'aa, maana alimaliza kila kazi kwa majivu na ndimu kama marehemu baba alivyomfundisha. Hakuna kitu kilichotoka mikononi mwa Hamduni kikiwa kichafu. Majivu na ndimu hizo ndizo zilizotutia kwenye balaa.

Wakati huo ugonjwa wa rupia ulikuwa umeingia Mara. Watu walichokonoa sakafu za bibi zao kutafuta rupia za Mjerumani, zile za fedha zenye kichwa cha mtu aliyevaa kofia yenye ndege. Ilisemekana kuna Wazungu wanazinunua kwa bei ya lori. Mzungu mwenyewe sikumwona hata mmoja. Niliowaona ni wapimaji, na aliyevuma zaidi ni Leonardi, mtu wa suti ya kaki na mkoba, aliyepanga chumba kwenye nyumba ya wageni hapa mjini. Leonardi aliisogeza rupia kwenye punje za mchele kuona kama itazivuta, akainusa, akafumba macho, kisha akatamka: namba moja, namba mbili, au namba tatu. Namba tatu ilikuwa bei ya mbuzi. Namba moja ilikuwa bei ambayo mtu akitajiwa anatafuta pa kukaa. Kati ya hizo hapakuwa na kipimo ila pua ya Leonardi.

Werema, mfugaji wa Nyamuswa, alikuwa na rupia ya marehemu mama yake. Mama huyo aliivaa shingoni, kwa hiyo ilikuwa na kipete cha kupitishia uzi. Leonardi akamwambia ni namba mbili kwa sababu ya kipete tu. Kikitolewa itapanda kuwa namba moja, ila weusi wake usiguswe kabisa, kwani weusi ndio umri, na umri ndio bei. Werema akaileta kwa kaka yangu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye fimbo nzito. Aliyasema maneno hayo mara moja, akaahidi kurudi keshokutwa pamoja na mpimaji.

Hamduni aliyasikia, na mimi niliyasikia. Akatoa kipete vizuri, akalainisha kovu lake, na mikono ikaendelea yenyewe, kama mama anavyompangusa mtoto kamasi huku anaongea na wageni. Nilipoingia kuchukua sufuria nilimkuta ameinua rupia kwenye mwanga wa dirisha, nyeupe kama jino.

"Mwamvita," akasema, "nimeisafisha."

Sikucheka siku hiyo. Mchana ule ule Leonardi alipita kuuliza kazi imefika wapi, na Hamduni akaikalia rupia, akasema bado. Leonardi akaegemea mlango akasimulia kwa upole habari za fundi mmoja wa Bunda aliyekwangua rupia ya watu. Fundi huyo, alisema, aliondoka kwenda kuoga ziwani na hajarudi mpaka leo. Alipotoka, kaka yangu alitapika uji wangu wote.

Masonara wana njia yao ya kuitia fedha weusi. Yai linachemshwa, linapondwa likiwa bado la moto, linafungiwa kwenye kopo pamoja na chombo, na mvuke wake unakifanya cheusi. Tulifanya hivyo. Rupia ikatoka nyeusi, lakini weusi wa juu juu ambao kidole chenye majivu kingeuondoa. Hamduni aliigeuza na kuigeuza, akiniuliza kila mara kama inafanana, nami nikamwambia inafanana kwa sababu niliogopa kumwambia vingine.

Siku ikafika. Werema aliingia na Leonardi, na nyuma yao akaja binti yake, Gati, mkono mmoja umefungwa kwa kanga shingoni. Alikuwa ametoka hospitali. Nilimuuliza ameanguka wapi, akasema nyumbani, akatazama pembeni. Basi nikaelewa ni nyumbani kwa mume.

Leonardi akaiweka rupia kwenye kiganja. Akasogeza mchele, akanusa kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko. Akafumbua macho, akasema ni namba moja safi, na kwamba weusi ule ni wa miaka themanini, hajakutana nao tangu aanze kazi. Hamduni akashusha pumzi. Na mimi nikashusha. Tungemshukuru Mungu kama yangeishia hapo.

Lakini Leonardi akaendelea. Mnunuzi, alisema, hanunui rupia moja, ananunua dume na jike. Hii ni dume, na jike lake analo yeye mkobani, namba moja vile vile, kwa bei ya ng'ombe kumi na wawili. Werema akatikisa kichwa kukubali. Ng'ombe walikuwa tayari mnadani Bunda, wakisubiri neno lake tu. Walikuwa ng'ombe wa mahari ya Gati.

Anayejua mila za huko hahitaji kuambiwa zaidi. Mwanamke akitaka kumwacha mume, ng'ombe wa watu lazima warudi. Wasiporudi, huyo bado ni mke wa mwenye ng'ombe, hata akivunjwa mkono wa pili.

"Baba," Gati akasema taratibu, "wale wakiisha, mimi nitarudi wapi?"

Werema akamjibu kwamba mnunuzi atalipa mara dufu na watanunua wengine. Alikuwa anaamini kabisa. Akainuka.

Nilimtazama kaka yangu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, hatua chache tu, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshauelekea. Meno yake yalikuwa yanagongana, nilikuwa nayasikia.

"Usiuze," akasema. "Weusi huo ni wa yai. Niliisafisha kwa bahati mbaya, nikaipaka juzi hapa hapa."

Leonardi akacheka, akasema sonara anaitaka rupia kwa ajili yake mwenyewe. Werema hakucheka. Alimkamata Hamduni kifundo cha mkono, na nikaona vidole vya kaka yangu vikibadilika rangi. Kwa mkono uliobaki Hamduni akachota majivu, akaisugua rupia juu ya meza. Yule mtu wa kofia ya ndege akatokea, mweupe.

Leonardi akasema rupia imeuawa na sonara ailipe. Werema akamgeukia polepole.

"Wewe ulikuwa unanusaga nini?"

Leonardi alifunga mkoba, na alipopita akainama kwenye sikio la Hamduni akasema neno ambalo kaka yangu hajaniambia mpaka leo. Kisha Werema akamwambia Hamduni kuwa alimkataza kugusa, akainua fimbo. Gati akaishika kwa mkono wake mzima. Wakatoka, wakawahi gari la Bunda kuwatoa ng'ombe mnadani. Hakuna aliyesema asante.

Hamduni alifunga duka akakimbilia kwa rafiki yake mvuvi Bukima, akakaa huko akiruka kila mbwa akibweka. Aliporudi alikuwa mwoga kuliko mwanzo. Kwa miezi hakuoga ziwani.

Baada ya mavuno nilimwona Gati barazani, mtoto wake wa kike mgongoni. Mkono ulikuwa umepona ukiwa umepinda kidogo. Akasema ng'ombe wote wamerudishwa kwa mume, na yeye yuko kwao. Akafungua pindo la kanga akatoa ile rupia, akaomba irudishiwe kipete amvalishe mtoto. Kipete Hamduni alikuwa nacho koponi, maana aliogopa kutupa mali ya mteja.

Akakiunga. Halafu akashika ndimu, akaiweka chini, akatutazama kwa zamu, akauliza kama asafishe au aache.

"Safisha," Gati akasema. "Hii haiuzwi."