Veranda ya Mama

Kwa zaidi ya miaka ishirini mama yangu alishona nguo kwenye veranda ya duka moja la kale katikati ya Eldoret. Jengo lilikuwa la mawe ya kuchongwa, lenye nguzo za mbao ambazo wazee walisema zililetwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, kabla reli haijafika. Ndani Mzee mmoja Msomali aliuza vitambaa. Alimpa mama nafasi pale nje kwa sababu kila aliyenunua kitambaa alihitaji fundi. Nikitoka shule nilifanyia homework hapo sakafuni, na mvua ya alasiri ikipiga mabati hatukusikiana. Tulikaa tu tukitazama watu wakikimbilia kwetu kujikinga.

Mwaka jana mwenye jengo alifariki, na watoto wake wakaliuza. Mzee alinipigia simu shuleni ninakofundisha.

"Mwalimu, wanabomoa wajenge plaza. Wametupatia mwezi mmoja."

"Na wewe utaenda wapi?"

"Mimi nitapata duka lingine. Lakini hii nyumba, itaenda wapi?"

Jumamosi hiyo tulizunguka mtaani, yeye na bakora yake, mimi na karatasi, tukiomba sahihi. Muuza simu mmoja aliuliza kama plaza mpya haitaleta kazi. Lilikuwa swali la haki, na bado linanisumbua. Ijumaa iliyofuata tulipeleka barua yenye sahihi hizo kwa afisa wa majengo ya kale, mwanamke mpole aliyetusikiliza mpaka mwisho.

"Jengo hili haliko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa," alisema. "Nitakuja Jumatatu nilione."

Jumapili, tukiwa kanisani huko Kiplombe, paa liliondolewa, ule mwezi ukiwa haujaisha.

Mama, ambaye siku hizi haoni vizuri, alitaka kupelekwa pale. Nilijaribu kumzuia, hakukubali. Tulimkuta Mzee amesimama kando ya uzio wa mabati. Waliulizana habari za watoto, kama walivyofanya kila asubuhi zamani.

"Niambie unaona nini," mama aliniambia.

"Ukuta mmoja bado umesimama. Rangi imebanduka, chini kuna kijani."

Akatabasamu. "Hiyo kijani ndiyo niliyoikuta. Ulikuwa bado tumboni."

Nililia hapo barabarani, mbele ya watu.

Kesho yake afisa alifika na kamera yake. Hata ule ukuta ulikuwa umeangushwa. Aliomba msamaha, akageuka kwenda zake, lakini Mzee akamzuia.

"Usirudi ofisini bado. Twende nikuonyeshe nyumba nyingine."

Akamtembeza mtaa mzima hadi kwenye ghala kuukuu la mahindi, lenye milango mizito ya chuma. Afisa alipiga picha nyingi.

Ghala hilo sasa limeingia kwenye orodha, na mafundi wanakarabati paa lake. Nilimpelekea Mzee habari hiyo kwenye duka lake jipya, ghorofa ya tatu. Alifurahi sana, akaagiza chai. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Wateja wake wa zamani ni wazee, ngazi zinawashinda.

"Kutoka hapa naona mji wote, Mwalimu," alisema akielekea dirishani. "Lakini hakuna anayepita akanisalimia."

Nikaomba kikombe cha pili, ingawa nilikuwa nimechelewa darasani.