Jumatano Isiyokuwa Yake

Mtaani walimwita Fundi Barafu kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza friji. Kibanda chake kilijaa mitungi ya gesi, mirija ya shaba na friji za watu zilizoachwa milango wazi. Kwa mashine alikuwa na mikono mipole ajabu. Ulimi ndio uliokuwa na moto, na moto huo aliubeba nyumbani kila jioni. Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliuvumilia miaka kumi na mmoja. Siku aliyochoka hakubishana. Alifungasha nguo zake na za binti yao wa miaka tisa, akahamia chumba cha kupanga karibu na hospitali, akafungua kesi.

Mahakamani walivuana nguo mbele ya watu. Fundi Barafu alisema mama huyu humwachia jirani mtoto kila anapoingia zamu. Muuguzi alisema baba huyu aliwahi kurusha pasi ukutani mtoto akiwa amekaa chini yake. Yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo maana yaliuma. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alisoma uamuzi bila kumtazama yeyote. Ndoa imevunjwa. Mtoto akae na mama. Baba amchukue kila Jumamosi, asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

"Nimekuwa baba wa Jumamosi," alimwambia dada yake walipotoka. "Kama gulio."

"Shukuru umepata hiyo," dada akamjibu. "Mimi ningekuwa hakimu, ningekupa nusu."

Tangu hapo waliokuwa mume na mke hawakupeana hata salamu. Mtoto alikabidhiwa getini kama mzigo, na maneno yakapita kwenye simu. "Ana kikohozi, dawa kijiko kimoja," muuguzi aliandika. "Sikuanza kulea leo," fundi akarudisha. Na mtoto akishafika kwake, maswali yalianza kabla hajavua viatu. Nani anakuja pale kwenu? Mama anaongea na nani kwenye simu? Mwanzoni mtoto alijibu. Baadaye akajifunza kupandisha mabega tu.

Jumamosi moja fundi alikuta geti limefungwa. Ujumbe ukaingia: "Ana homa, leo hatoki." Alirudi zake akisaga meno. Kesho yake mteja mmoja, katika kupiga soga tu, akamwambia alimwona binti yake dukani jana ile ile. Fundi Barafu akapandisha mori. Siku tatu alichomelea mirija, kila mrija ukavuja. Jumatano alifunga kibanda mchana, akaenda shuleni, akamwambia mwalimu kwamba mama mtoto amepata dharura. Mwalimu alimfahamu. Akamruhusu.

Akampeleka kwa dada yake, ng'ambo ya pili ya mji. Dada alifungua mlango, akamtazama mtoto mwenye sare na begi mgongoni.

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Na yako ni ipi?"

Fundi akamsukuma mtoto taratibu aingie ndani.

"Baba, mama anajua niko hapa?" mtoto akauliza.

"Atajua."

"Sasa hivi anajua?"

Fundi alikuwa ameizima simu yake. Dada akachukua ya kwake. "Mimi ni shangazi yake, si pango la kufichia watoto," akasema, akaanza kubonyeza. Fundi akamrukia kumpokonya. Mtoto akasogea haraka nyuma ya shangazi, akang'ang'ania gauni lake, akimkodolea baba macho. Fundi akashusha mkono, dada akampigia muuguzi.

Muuguzi alifika na polisi wawili, sare ya kazini bado mwilini. Alimkagua mtoto mikono na uso kama anavyokagua wagonjwa, kisha akamgeukia fundi.

"Saa tatu nzima namtafuta. Nimeingia mpaka chumba cha maiti. Nimefunua mashuka kwa mikono yangu."

"Uliniibia Jumamosi yangu. Mtoto wa homa anaonekana dukani?"

"Duka la dawa. Tulikuwa pamoja. Ungeuliza, ungeambiwa."

"Wewe unaulizika?"

"Mchukueni," muuguzi aliwaambia polisi.

Hakimu yule yule akazifuta Jumamosi zake. Kwa miezi sita angemwona mtoto kwa muda wa saa mbili tu kila wiki, katika ofisi ya ustawi wa jamii, afisa akiwepo. Chumba kilikuwa na meza moja na viti vya plastiki. Siku ya kwanza alimfokea afisa, "Unaandika nini?" Afisa, kijana mtaratibu, akajibu, "Ulichosema sasa hivi." Mtoto alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Wiki ya pili akakaa hapo hapo.

Wiki ya tatu alizungumza kabla baba hajafungua kinywa. "Baba, ukiniuliza habari za mama, natoka."

Swali lilikuwa limeshafika mdomoni. Fundi Barafu akameza mate. "Haya. Tuongee nini?"

Mtoto akatoa daftari la hesabu. Zilikuwa hesabu za sehemu, na baba alikosea ya kwanza na ya pili. Mtoto akasogeza kiti, akamwonyesha.

Muda ulipokwisha, muuguzi alikuwa amesimama kwenye korido.

"Amemaliza hesabu zake," fundi akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu siku ile ya polisi.

"Umepitiliza dakika mbili," akajibu, akichukua begi.

Fundi alikuwa na jibu, kali, tayari ulimini. Mtoto alikuwa katikati yao, akimtazama baba mdomo. Fundi akageuka, akarudi ndani kutia sahihi kwenye daftari la afisa.