Siku Ikram Alipogeuka

Mimi Mwantumu wa Kang'ata nimeongopa mengi maishani, na mengi nimesamehewa kwa sababu watu walicheka. Hili moja halikumchekesha mtu.

Mjukuu wangu Ikram hasikii tangu ana miaka minne, alipougua homa ya uti wa mgongo. Akasoma na viziwi wenzake mpaka darasa la saba, akarudi na mwandiko mzuri kuliko wa mtendaji wa kijiji. Cherehani alijifunza kwa kutazama tu. Mimi nikipewa karatasi naigeuza nyuma nione kama kuna picha.

Mwaka juzi mtendaji mpya, Gregori, ana wiki tatu tu kijijini, akapita nyumba kwa nyumba na daftari la watu wenye ulemavu. Majina yale hubandikwa ubaoni pale ofisini, kila mpita njia anayasoma. Na wiki ileile wazee wa ukoo wa Mbaruku walikuwa wameleta posa. Walimkuta Ikram ameinamia kazi yake, hajibu neno, wakasema, "Binti ana haya huyu, siku hizi hawapatikani!" Mimi nani niwakatize?

"Bibi, nasikia mjukuu wako hasikii," Gregori akaniambia.

"Nani hasikii? Huyu anasikia sisimizi akikohoa shamba la jirani!"

Akacheka, akaandika: hana ulemavu. Posa yenyewe ikavunjika mwezi huohuo, walipogundua ile haya ni nini. Lakini daftari lilibaki vilevile, nami nikalisahau.

Mwaka huu tukapata habari ya karakana ya kushona sare za shule kule Masuguru, Korogwe. Wanataka mafundi sita wenye ulemavu, mshahara wa kila mwezi na chumba cha kulala. Barua ya kijiji ni lazima. Gregori alikuwa likizo, basi karani aliyeshika ofisi akanakili kilichomo daftarini, akagonga mhuri, akafunga bahasha. Nikaibeba kifuani kama dhahabu.

Tulipofika, watano walikwisha kupatikana. Imebaki nafasi moja. Tukakaa kwenye benchi, nami nikawapunguzia wenzetu njaa kwa kisa cha boga langu, lile kubwa ambalo mbuzi aliingia ndani yake akazaa mapacha. Msimamizi, mama mmoja anaitwa Yusta, alisimama kusikiliza, akacheka mpaka akafuta machozi.

Ikram akapewa kola ashone. Cherehani zao zimepangwa juu ya jukwaa la mbao, kwa kuwa karakana ile zamani ilikuwa ghala na chini hupanda maji masika. Akashona. Yusta akaigeuza kola, akaivuta mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo akafungua bahasha.

Uso ukambadilika.

"Bibi, kijiji chenu kinasema huyu hana ulemavu wowote."

"Hiyo barua inaongopa, mwanangu."

"Mwezi uliopita nimemwondoa mmoja aliyejifanya kiziwi. Siku ya tatu akapokea simu."

Akachukua mfuniko wa sufuria ya uji, akazunguka nyuma ya Ikram, akauachia. Ukaanguka mbaoni.

Ikram akageuka.

"Ehee!" karakana nzima ikasema. Fundi mmoja mwenye mguu wa bandia, Ernesti, akapiga kofi. "Kiziwi wa Kang'ata, kumbe dawa yake mfuniko!"

"Ni mbao!" nikasema. "Zimemtikisa miguuni! Mimi ndiye niliyemwongopea mtendaji. Wallahi, mama Yusta."

"Na la boga uliapa pia, bibi."

Watu wote wale walikuwa wananitazama wakingoja niwachekeshe. Yusta akaita jina la anayefuata.

Ikram alikuwa anatazama midomo yetu. Akasimama, akaichukua ile barua mkononi mwa Yusta bila kuomba, akaisoma. Kisha akanigeukia, akauliza kwa mikono: *Ni wewe?*

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunikunjia uso, na afadhali angenikunjia.

Akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika kwenye karatasi ya kaki pale mezani. Yusta akasoma kwa sauti: "Bibi alificha kwa ajili ya posa. Mimi nimetikiswa na mbao. Nipelekeni nje nisimame juu ya udongo, mgonge mnachotaka. Nikigeuka, naondoka mwenyewe."

Tukatoka uani. Ikram akasimama, uso kwangu, mgongo kwao. Ernesti akachukua nyundo, akaiendea rimu ya gari waliyoitundika kuwa kengele. Mimi macho yangu yalikuwa kwa kuku. Walikuwa wanachakura nyuma yake, na nilijua wakishtuka watapita mbele ya miguu yake, naye atageuka kuona wametoka wapi. Nikatamani kuwafukuza. Ningepunga mkono, wangesema nimempa ishara. Nikaibana mikono yangu kwapani.

Ernesti akagonga.

Nilijua inakuja na bado niliruka. Nyumba ya pili mwanamke akapiga kelele, "Jamani!" Kuku wakaja mbio, mmoja akampita Ikram katikati ya miguu. Akainama kidogo, akamfuata kwa macho, huku kwangu, huku kwangu tu. Ernesti akagonga tena. Akagonga ya tatu kwa nguvu zake zote, nyundo ikamtoka.

Ikram akaondoa uzi uliomganda kwenye mkono wa gauni. Kisha akaniuliza kwa mikono: *Mbona hawaanzi?*

Yusta akaja mbele akamshika bega.

"Nafasi namshikia mpaka Jumatatu," akaniambia. "Lakini niletewe barua iliyo sawa."

Jumatatu alfajiri tulikuwa mlangoni kwa Gregori, karudi kutoka likizo. Akafungua daftari, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Haya bibi, safari hii niandike nini?"

Kabla sijajibu, Ikram alikwisha kumchukulia kalamu. Akakata mstari wa zamani, akaandika wake, mrefu, polepole. Alipomaliza akanisogezea daftari na kidau cha wino, akanionyesha mahali pa shahidi.

Nikabonyeza dole gumba bila kuuliza ameandika nini.